JINA LILILOTOKA KWA MPINZANI
Historia fupi ya nadharia ya mwanzo wa ulimwengu, na deni la mwalimu wa lugha

Walimu wenzetu wa Kiswahili watakubaliana nasi kwamba maswali magumu kuliko yote hayaulizwi na wakaguzi, bali huulizwa na wanafunzi. Muhula mmoja, hapa Bujumbura, tulikuwa tukisoma darasani habari fupi ya kisayansi tuliyoichagua kwa ajili ya zoezi la ufahamu. Habari hiyo ilieleza kwamba ulimwengu ulianza kwa Mlipuko Mkuu, yapata miaka bilioni 13.8 iliyopita. Tulipomaliza, kijana mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, mlipuko huo ulitokea mahali gani? Na hicho kilicholipuka kilikuwa kimewekwa wapi?" Darasa zima likacheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa hatukuwa na jibu.

Tulimwendea mwenzetu afundishaye fizikia. Alitusikiliza, kisha akasema kwamba kosa halikuwa la mtoto, bali lilikuwa la neno. Kauli hiyo ilituchoma, maana maneno ndiyo kazi yetu. Tukaanza kusoma, na katika kusoma tukagundua kwamba historia ya nadharia hii, pamoja na kuwa historia ya darubini na hesabu, ni historia ya lugha pia: ya makala iliyoandikwa kwa lugha ambayo wengi hawakuisoma, ya aya iliyoachwa katika tafsiri, na ya jina lililotolewa na mtu asiyeikubali nadharia yenyewe. Tumeona yafaa tuwaletee wenzetu historia hiyo, kwani wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa.

Ulimwengu uliodhaniwa umetulia

Mwanzoni mwa karne ya 20, karibu wataalamu wote wa elimu ya nyota waliamini kwamba ulimwengu, kwa jumla yake, haubadiliki. Nyota moja moja yaweza kuzaliwa na kufa, lakini ulimwengu wenyewe ulidhaniwa umekaa vivyo hivyo tangu na tangu. Imani hiyo ilikuwa na nguvu nyingi. Albert Einstein alikamilisha mwaka 1915 nadharia yake ya uhusianifu, inayoeleza jinsi maada inavyopinda nafasi na wakati. Mwaka 1917 alipoitumia nadharia hiyo kuueleza ulimwengu mzima, aliona kwamba milinganyo yake haikubali ulimwengu uliotulia. Badala ya kuiacha imani, aliongeza katika milinganyo kipengele kimoja cha kuuzuia ulimwengu usijiangukie.

Mtu wa kwanza kuifuata milinganyo hiyo hadi mwisho wake alikuwa Mrusi, Alexander Friedmann, mwanahisabati wa Petrograd. Mwaka 1922 alionyesha kwamba ulimwengu waweza kutanuka au kunywea, na kwamba hesabu haipingi. Einstein alijibu kwa kuandika kwamba Friedmann amekosea. Mwaka 1923 akakiri kwamba aliyekosea ni yeye. Hata hivyo Friedmann alifariki mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 37, na kazi yake ikabaki bila wasomaji wengi.

Wakati huohuo, mbali na wenye hesabu, walikuwako watu waliokesha wakipima nuru. Huko Arizona, Marekani, Vesto Slipher alianza mwaka 1912 kupima mwendo wa yale yaliyoitwa mawingu ya nyota, ambayo leo twayaita galaksi. Kila mmoja wetu amewahi kusikia jinsi mlio wa honi ya lori unavyokuwa mwembamba likija na mzito likienda zake. Nuru nayo hubadilika kwa namna inayofanana na hiyo: chanzo chake kikienda mbali nasi, nuru husogea upande wa rangi nyekundu. Slipher aliona kwamba nuru ya mengi ya mawingu hayo imesogea upande huo. Yalikuwa yakituacha, tena kwa mbio kubwa mno.

Lakini yalikuwa umbali gani? Ufunguo wa swali hilo ulipatikana kwa mwanamke, Henrietta Swan Leavitt, aliyefanya kazi katika kituo cha nyota cha Harvard. Mwaka 1912 alionyesha kwamba ziko nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu, na kwamba kadiri nyota ya namna hiyo ichukuavyo muda mrefu kukamilisha zamu yake, ndivyo mwangaza wake halisi ulivyo mkubwa. Mwenye kujua mwangaza halisi wa taa aweza kukadiria umbali wake kwa jinsi anavyoiona hafifu. Kwa kipimo hicho Edwin Hubble, akitumia darubini ya Mount Wilson huko California yenye kioo cha upana wa metre 2.5, alitambua mwaka 1923 nyota ya aina hiyo ndani ya Andromeda, na akathibitisha kwamba Andromeda iko nje kabisa ya Njia Nyeupe yetu. Ulimwengu ukawa mkubwa ghafla kuliko wengi walivyodhani.

Makala ya mwaka 1927

Sasa tunafika kwa mtu ambaye habari zake zinatuhusu sisi wa Burundi kwa namna ya pekee, kwa kuwa alikuwa raia wa Ubelgiji, nchi iliyotutawala hadi mwaka 1962 na kutuachia Kifaransa mashuleni. Georges Lemaître alizaliwa Charleroi mwaka 1894. Alipigana katika Vita Vikuu vya Kwanza, akasomea hisabati, na mwaka 1923 akapewa upadri. Alisoma Cambridge kwa Arthur Eddington, kisha akaenda Marekani, ambako alizifahamu kwa karibu kazi za Slipher na Hubble. Aliporejea, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Louvain.

Mwaka 1927 Lemaître alichapisha makala iliyofanya jambo ambalo Friedmann hakulifanya: aliunganisha hesabu na vipimo. Alichukua mbio na umbali wa galaksi 42, akaonyesha kwamba galaksi iliyo mbali zaidi hukimbia zaidi, na akakadiria kiasi chenyewe, yaani takriban kilomita 625 kwa sekunde kwa kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26. Tena akaeleza sababu: galaksi hazipiti angani kama ndege warukao, nafasi yenyewe iliyo baina yao ndiyo inayotanuka.

Makala hiyo aliiandika kwa Kifaransa, akaichapisha katika jarida la chama cha sayansi cha Brussels ambalo wataalamu wa nchi nyingine hawakulisoma sana. Mwaka huohuo alikutana na Einstein huko Brussels. Kwa simulizi ya Lemaître mwenyewe, Einstein alimwambia kwamba hesabu zake ni sahihi lakini fizikia yake yachukiza. Miaka miwili baadaye, yaani 1929, Hubble alichapisha kwa Kiingereza vipimo vyake vya galaksi 24, vikionyesha uhusiano uleule wa mbio na umbali. Dunia ikamsikia Hubble, na kanuni ikaitwa kwa jina lake.

Aya iliyopotea

Eddington alipotambua thamani ya makala ya mwanafunzi wake, alihimiza ijulikane kwa Waingereza. Tafsiri ikachapishwa mwaka 1931 katika jarida la Chama cha Kifalme cha Elimu ya Nyota cha Uingereza. Lakini aliyeilinganisha tafsiri hiyo na asili yake angeona ajabu: sehemu ile ambamo Lemaître alikadiria kiasi cha mtanuko haimo. Kwa miaka mingi baadaye walikuwako waliojiuliza ni nani aliyeikata, na wengine wakashuku kwamba ilifanywa kwa makusudi ili sifa zibaki kwa Hubble.

Jibu lilipatikana mwaka 2011, pale Mario Livio alipochapisha habari za barua iliyohifadhiwa katika nyaraka za chama hicho. Barua ile ilionyesha kwamba mtafsiri alikuwa Lemaître mwenyewe, na kwamba aliiacha sehemu ile kwa hiari yake, akiona kuwa takwimu zake za awali hazikuwa na maana tena baada ya vipimo vipya kupatikana. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na mtu mnyenyekevu aliyejipunguzia katika tafsiri. Mwaka 2018 wanachama wa Muungano wa Kimataifa wa Elimu ya Nyota walipiga kura, na asilimia 78 yao wakapendekeza kanuni ile iitwe kanuni ya Hubble na Lemaître.

Hapa walimu wenzetu watuwie radhi tukisema neno. Kijana wa Bujumbura anayesoma Kifaransa shuleni angeweza, tangu zamani, kuisoma aya ile katika makala ya asili, ilhali msomi wa Kiingereza tupu asingeiona. Kujua lugha nyingi ni njia ya kuufikia ukweli ambao lugha moja imeuacha.

Jinsi jina lilivyopatikana

Mwaka huohuo wa 1931 Lemaître alipiga hatua nyingine. Ikiwa ulimwengu unatanuka leo, alisema, basi tukirudi nyuma twaukuta mdogo zaidi na wenye msongamano zaidi, hadi tufike kwenye hali ya mwanzo ambayo aliiita atomu ya asili. Mwaka 1948 George Gamow na mwanafunzi wake Ralph Alpher, wakiwa Marekani, walitoa hesabu za jinsi haidrojeni na heli zilivyopatikana katika joto kali la mwanzo. Mwaka huohuo Alpher na Robert Herman walikadiria kwamba masalio ya joto lile lazima yawepo hadi leo kila mahali angani, yakiwa yamepoa hadi kiasi cha nyuzi 5 juu ya sifuri halisi. Makadirio yao yakasahauliwa.

Nadharia hii ilikuwa na wapinzani, tena wenye hoja. Kwa vipimo vya Hubble vya wakati ule, umri wa ulimwengu ulipata chini ya miaka bilioni 2, ilhali miamba ya dunia ilikwisha kuonekana kuwa mikongwe zaidi. Mtoto awezaje kumzidi mama yake umri? Ugumu huo ulianza kulegea mwaka 1952, Walter Baade alipoonyesha kwamba umbali wa galaksi ulikuwa umekadiriwa kuwa nusu tu ya ulivyo. Kabla ya hapo, mwaka 1948, Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold walikwisha kutoa nadharia yao huko Uingereza: ulimwengu hauna mwanzo, unatanuka, naam, lakini maada mpya huzaliwa kidogo kidogo kuziba mapengo, hata hali yake ikabaki ileile daima.

Tarehe 28 Machi 1949 Hoyle alizungumza katika redio ya BBC. Akitaka kuwaeleza wasikilizaji tofauti kati ya fikira yake na ile ya wapinzani wake, aliiita ya kwao "Big Bang", yaani mshindo mkubwa. Wengi wamesema alikusudia kukejeli. Mwenyewe alikanusha baadaye, akisema kwamba katika redio hakuna picha, hivyo msemaji hana budi kuichora kwa maneno. Vyovyote iwavyo, jina lilishika. Mwaka 1993 jarida moja la elimu ya nyota la Marekani liliendesha shindano la kutafuta jina bora. Yakaletwa mapendekezo zaidi ya 13,000, na waamuzi hawakuona hata moja lililofaa kuchukua nafasi ya lile la Hoyle.

Ni haki kumtendea Hoyle uadilifu. Hesabu za Gamow zilieleza asili ya haidrojeni na heli, lakini zilikwama kwa kaboni, oksijeni na chuma. Mwaka 1957 Hoyle na wenzake watatu, yaani Margaret Burbidge, Geoffrey Burbidge na William Fowler, walionyesha jinsi elementi hizo zinavyopikwa ndani ya nyota. Hivyo mpinzani aliipa nadharia jina, na akasaidia kuziba pengo lake kubwa. Alifariki mwaka 2001 bila kuikubali.

Sauti ya mwaka 1965

Mabishano haya yangedumu kama si chombo kimoja cha redio huko Holmdel, New Jersey. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa wakikitayarisha kwa ajili ya kupima mawimbi kutoka angani, wakakuta mvumo hafifu usiokoma. Walikielekeza huku na huko. Mvumo ulikuwa uleule, mchana na usiku, masika na kiangazi. Waliwakuta njiwa wamejenga ndani ya chombo, wakawaondoa na kusafisha kinyesi chao. Mvumo haukuondoka.

Wakati huo huko Princeton, si mbali na hapo, Robert Dicke na wenzake, akiwamo James Peebles, walikuwa wakiandaa chombo cha kutafuta masalio ya joto la mwanzo. Penzias alipowapigia simu, walitambua kwamba walichokuwa wakikitafuta kimekwisha kupatikana. Habari zikachapishwa mwaka 1965: mnururisho ulioenea anga lote, wenye kiasi cha nyuzi 3.5 juu ya sifuri halisi. Nadharia ya ulimwengu usio na mwanzo haikuwa na maelezo mepesi ya jambo hilo. Lemaître, akiwa mgonjwa, aliletewa habari hizo kabla ya kufariki tarehe 20 Juni 1966. Penzias na Wilson walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Tangu hapo ushahidi umeongezeka. Satelaiti ya COBE, iliyorushwa mwaka 1989, iliupima mnururisho huo kwa usahihi mkubwa. Joto lake ni nyuzi 2.725. Mwaka 1992 ikatangazwa kwamba una tofauti ndogo sana za joto baina ya upande mmoja wa anga na mwingine, kiasi cha sehemu moja katika 100,000. Katika tofauti hizo ndogo ndimo ulimokuwamo mwanzo wa galaksi zote, na yetu ikiwa mojawapo. Nuru hiyo iliachiwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Ni ushahidi mkongwe kuliko nuru yoyote nyingine iliyokwisha kuonekana.

Haifai tuwafundishe vijana kwamba kazi imekwisha. Mwaka 1998 iligunduliwa kwamba mtanuko unazidi kwenda kasi, na kinachousukuma bado hakijafahamika. Vipimo vya kiasi cha mtanuko vinavyotokana na mnururisho wa kale havilingani barabara na vile vya galaksi za karibu. Na juu ya nukta yenyewe ya kwanza, nadharia haisemi kitu cha hakika. Yaeleza jinsi ulimwengu ulivyokua kutoka hali ya joto na msongamano mkubwa, wala haielezi hali hiyo ilitoka wapi.

Neno letu

Sasa turudi kwa kijana wetu. Neno mlipuko lilimpotosha kwa kuwa kila mlipuko tuujuao una mahali pake. Baruti hulipuka hapa, vipande vikatawanyika kule, na pembeni huwako nafasi tupu ya kuvipokea. Nadharia haisemi hivyo hata kidogo. Mfano unaofaa zaidi tumeupata jikoni: donge la unga wa maandazi lililotiwa hamira na zabibu kavu. Donge likiumuka, kila zabibu huziona nyingine zote zikienda mbali nayo, na iliyo mbali zaidi huenda mbio zaidi. Wala hakuna zabibu iwezayo kudai kwamba yenyewe ndiyo kitovu. Lakini hata mfano huu una mpaka wake, kwa kuwa donge lina ukingo na limo ndani ya bakuli, ilhali ulimwengu haukuumuka ndani ya kitu kingine. Basi jibu la swali "wapi?" ni hili: kila mahali, hata hapa tulipoketi.

Yuko atakayeuliza: je, tulitupe jina la Mlipuko Mkuu? Hatuoni kwamba yafaa. Limekwisha kuenea, na wasemao Kiingereza wenyewe walishindwa kulibadili la kwao. Tunachopendekeza ni kwamba mwalimu asilitaje peke yake, bali alifuatanishe na neno mtanuko, lililo karibu zaidi na maana.

Tena sarufi yetu inatusaidia hapa kwa namna ya pekee. Kiswahili hutofautisha tanua, tanuka na tanuliwa. Tukisema "ulimwengu umetanuliwa", tumekwisha kudokeza kwamba yuko mtendaji. Tukisema "ulimwengu umetanuka", tumetaja lililotokea, bila kumtaja wala kumkana mtendaji. Sayansi husema kwa kauli ya pili. Lemaître alilielewa jambo hili vema. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipoihusisha elimu hiyo mpya na habari za uumbaji, padri huyo hakuridhika. Alishikilia kwamba nadharia yake iko nje ya maswali ya dini, na kwamba aaminiye na asiyeamini waweza kuipima kwa mizani ileile. Mwanafunzi wetu akielewa tofauti ya -tanuka na -tanuliwa, ataweza kuisoma nadharia hii bila kuogopa kwamba anaiacha imani yake, na bila kudhani kwamba ameithibitisha.

Wiki iliyofuata tuliingia darasani na donge la unga katika bakuli, tukaanza kumjibu kijana yule. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Basi mwalimu, kwa nini waliuita mlipuko?" Tukamsimulia habari hii yote tuliyowasimulia ninyi. Hatudhani kuwa yeye ndiye wa mwisho kuuliza. Walimu wa sayansi wana deni lao la kueleza vipimo. Deni letu sisi ni kuyapima maneno kabla hatujamkabidhi mtoto.